Panya wa Mchana

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Embu Mashariki
Tarehe 14/10/2024, saa nane na nusu mchana

Jina: Agneta Rwamba Nthiga
Umri: Miaka 59
Kazi: Mkulima na mfugaji wa kuku wa kienyeji
Makazi: Karurumo, nyuma ya soko

Mimi ndimi mwenye jina hilo hapo juu. Naishi katika nyumba ya mbao niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Nyumba hiyo ni moja lakini inakaa familia mbili. Mume wangu na mume wa Celina walikuwa marafiki. Walinunua mbao na mabati pamoja, wakajenga nyumba moja ndefu na kuigawa katikati kwa ukuta wa mbao. Upande wa chini ni wangu, upande wa juu ni wa Celina. Dari ni moja. Kwa hivyo nikisema panya walitoka kwa jirani, sisemi kwa kukisia.

Celina ni mjane wa miaka 72. Mimi humwita Mama Gitari, na yeye huniita Mama Joyline. Gitari ni mwanawe wa kiume. Anafanya kazi ya ofisi mjini Embu na amekuwa akiishi na mamake tangu mwaka jana. Celina ana binti pia, Ruguru, ambaye ameolewa Nkubu, upande wa Meru.

Jiko la Celina liko nje, uani. Ni la kuni na mafiga matatu. Juu ya moto amening'iniza mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, na vibuyu vya kunde. Ni moshi unaozuia wadudu na panya wasiguse mbegu. Sijawahi kuona Celina akiacha moto huo uzime. Hata akienda shamba huacha gogo likifuka. Mimi siku hizi napika kwa gesi, kwa hivyo mbegu zangu pia humpelekea aning'inize huko, na kila mara hunicheka kwamba nimekuwa mzungu.

Mnamo tarehe 27/8/2024, siku ya Jumanne, asubuhi niliona jiko halitoi moshi. Nilimkuta Gitari akiwasha pikipiki yake aende kazini. Nikamuuliza mamake yuko wapi.

Alisema, "Mum ameenda Meru, Mama Joyline. Kuna mkutano wa kina mama wa kanisa, halafu atakaa kwa Ruguru apumzike kidogo."

Nikamuuliza, "Bila kuniaga?"

Akasema, "Iliibuka tu haraka. Gari la kanisa lilikuwa linangoja."

Afisa aliniuliza kama nilimwamini. Nilimwamini, na sababu yenyewe si nzuri. Mimi na Celina tuko kundi moja la kina mama kanisani, na sikuwa nimesikia habari ya mkutano wowote. Nikajiambia basi wamechagua watu wao wakaniacha mimi. Niliumia sana. Niliacha kwenda vikao vya kina mama na sikumuuliza mtu yeyote, kwa sababu sikutaka waone nimekasirika. Ningeuliza siku hiyohiyo ningeambiwa hakuna mkutano.

Panya walianza katikati ya mwezi wa tisa. Kwanza niliwaona katika jiko la Celina. Nilichungulia dirishani nikaona magunzi matupu yametapakaa juu ya mafiga baridi. Walikuwa wamemaliza mbegu zote, zake na zangu. Nilishangaa, kwa sababu mvua ya vuli ilikuwa karibu na Celina si mtu wa kukaa Meru wakati wengine wanatayarisha shamba. Lakini nilikuwa bado nimenuna. Nilisema moyoni, akirudi atajua mwenyewe.

Baadaye walivuka kwa dari wakaja kwangu. Walikula vifaranga, wakala sabuni, wakala hata kisigino cha kiatu changu cha Jumapili. Paka wangu aliwaangalia siku mbili tatu, kisha akahamia sokoni kwa wauza nyama. Nilitega mitego nikanasa wengi, lakini walizidi kuja, na wote walitoka upande ule. Nilimwendea Gitari nikamwambia tuingie kwake tutafute wanapolala.

Alisimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba hiyo.

Akasema, "Wewe weka dawa upande wako. Huku kwetu mimi nitaweka."

Nikamuuliza, "Utaweka lini?"

Akasema, "Mama Joyline, usinipatie stress. Nimesema nitaweka."

Hakuweka. Nilijua kwa sababu mtu anayeweka dawa huokota panya waliokufa, na sikumwona akitupa hata mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku, lakini nilimshuku kwa jambo lingine. Alikuwa amewahi kusema kwamba nyumba hiyo ya mbao inafaa kubomolewa ijengwe vyumba vya kupangisha. Nikafikiri anafuga panya makusudi ili nichoke nihame. Tena mnamo tarehe 21/9/2024, siku ya Jumamosi, niliona wanaume wawili nisiowajua wakipima shamba la Celina kwa utepe, lile la mahindi lililo chini ya barabara. Nilimuuliza Gitari. Alisema ni mambo ambayo mamake alikubali kabla ya kusafiri. Celina ninayemjua mimi hangekubali mtu apime hata sehemu ya kuanika nguo.

Sasa nitaeleza habari ya ukuta. Kitanda changu kimepakana na ukuta wa katikati. Kuanzia mwezi wa tisa, mchana baada ya Gitari kwenda kazini, nilikuwa nikisikia kitu kikikwaruza na kugonga mbao upande wa pili. Kiligonga, kikanyamaza, kikagonga tena. Panya wa usiku nimewazoea, lakini hawa wa mchana walinitia hasira. Nilichukua mwiko wa ugali nikagonga ukuta kwa nguvu ili niwatishe. Wakanyamaza kidogo, kisha wakagonga tena. Nami nikagonga tena. Ilikuwa hivyo karibu kila siku. Nilikuwa nikiuacha mwiko hapo kitandani kwa kazi hiyo tu.

Nilimweleza Njagi, ambaye ni mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi. Nilimwambia panya wa Gitari wana adabu, ukiwagongea wananyamaza wakusikilize.

Njagi alicheka sana. Alisema, "Hao wamesoma, Mama Joyline. Wapelekee daftari."

Mimi pia nilicheka.

Mnamo tarehe 12/10/2024, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, niliweka ngazi nikapanda darini kwangu nitoe viota. Kiota cha kwanza kilikuwa na maganda ya mahindi. Cha pili, kilichokuwa karibu na upande wa Celina, kilikuwa na vitambaa vilivyotafunwa, vya buluu na vyeupe. Nilikifungua kwa mikono. Ndani nilipata kipande cha kola nyeupe, na kwenye kola kulikuwa na kifungo cha kahawia.

Kifungo hicho nakijua. Ni cha koti la marehemu mume wangu. Sare ya Celina ya kina mama, ya buluu yenye kola nyeupe, ilipoteza kifungo siku ya Pasaka tukiwa tayari njiani kwenda kanisani, nami nikamshonea hicho kwa sababu ndicho nilichopata. Alivaa hivyo hivyo, akasema Mungu haangalii vifungo. Mimi na yeye tuna sare moja kila mtu. Hakuna mwanamke wa kundi letu anayeweza kwenda mkutano wa kina mama bila sare. Hangeruhusiwa hata kusimama na wengine kuimba.

Nilishuka kwenye ngazi. Sikupitia kwa Gitari. Nilikwenda moja kwa moja kwa Marcella, katibu wa kina mama, anayeishi ng'ambo ya soko. Nilimuuliza mkutano wa Meru uliisha lini.

Marcella alisema, "Mkutano gani? Na wewe umekuwa wapi wiki hizi zote? Tulidhani uko na Celina huko Meru. Gitari alituambia ameenda kwa Ruguru, na wewe pia hatukuoni."

Tulimpigia Ruguru simu. Nilimuuliza mamake anaendeleaje.

Akasema, "Si yuko hapo na nyinyi? Gitari aliniambia simu ya mum iliharibika. Kila Jumapili ananiambia mum ananisalimia."

Wakati huo nilijua Celina amekufa. Sikufikiri kwamba huenda amekufa, nilijua. Nilikuwa bado nimeshika kipande cha kola mkononi. Marcella alinishika mkono tukaenda kumchukua Njagi, naye safari hii hakucheka.

Tulimkuta Gitari uani akiosha pikipiki. Ilikuwa yapata saa sita mchana. Njagi alimwambia tunataka kuingia ndani. Gitari alisema hayo ni mambo ya familia. Nilimwonyesha kola na kifungo. Alikitazama kifungo hicho muda mrefu, akafunga mfereji, akapangusa mikono kwenye suruali. Hakukimbia na hakupigana nasi. Alitoa ufunguo mmoja mfukoni akampa Njagi.

Chumba cha ndani, kile kilichopakana na chumba changu cha kulala, kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kutoka nje, na dirisha limezibwa kwa gunia. Njagi alifungua. Harufu ilitusukuma nyuma. Panya walikimbia juu ya godoro, wengine wakaingia chini ya sahani zilizokuwa na uji uliokauka. Kabati la nguo lilikuwa wazi na nguo zimetafunwa. Celina alikuwa amelala juu ya godoro hilo, na alikuwa hai.

Alikuwa amekonda sana. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, na mkono wa kulia na mguu wa kulia havikusogea. Vidole vya mguu huo vilikuwa vimeumwa na panya. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kijiko. Alijaribu kusema lakini sauti haikufika hata mlangoni.

Nilipiga magoti nikamshika mkono ule usiosogea. Kidole gumba kilikuwa na wino wa zambarau. Celina anajua kuandika. Huandika jina lake lote, na huandika vizuri kuliko mimi. Nilimwonyesha Njagi kidole hicho, na Marcella pia alikiona.

Gitari alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisema, "Alianguka jikoni ile Jumatatu usiku. Nilikuwa nangoja apate nafuu kwanza. Sikutaka watu wamwone hivi. Nilikuwa nampatia uji kila asubuhi na kila jioni, muulizeni." Nilitaka kumpiga kofi. Nilikuwa nimemjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu Joyline amwite kaka. Njagi alipiga simu, maafisa wenu wakaja wakamchukua. Celina alipelekwa hospitali kwa gari la jirani. Habari ya shamba na hao waliopima sijui zaidi ya niliyoyaona kwa macho, na naomba muifuatilie, kwa sababu mtu hampaki mamake wino kwenye kidole kwa ajili ya uji.

Leo asubuhi nilikwenda hospitali kumtazama. Ruguru alikuwa ameshafika na alikuwa akimchana nywele. Daktari alisema ni kiharusi na kwamba angeletwa mapema ule mkono wa kulia ungeweza kupona. Celina sasa anaongea kidogo, polepole. Aliniambia kwa Kiembu niiname karibu.

Nilimwambia anisamehe. Nilitaka kumweleza kwamba nilikuwa nimenuna, kwamba sikuuliza. Hakuningoja.

Alisema, "Nilijua uko. Kila nikigonga, ulikuwa unanijibu."

Alisema hiyo ndiyo sababu hakukata tamaa. Kila siku alingoja pikipiki ya Gitari iondoke, kisha alichukua kijiko agonge, na alikuwa akisikia namjibu. Aliniuliza kama kule kugonga kwangu kwa nguvu kulikuwa ni kumwambia avumilie, kwamba watu wanakuja. Nilisema ndiyo.

Afisa ameniuliza mara mbili kama nataka sehemu hiyo iandikwe. Nataka iandikwe, kwa sababu nimeambiwa niseme yote na huo ndio ukweli. Nilikuwa nafukuza panya. Lakini naomba kesi ikisomwa, Celina asiwe mahakamani sehemu hiyo ikifika.

Hayo ndiyo ninayoyajua juu ya jambo hili, nimeyasema kwa hiari yangu, na nimesomewa nikayaona ni sawa.

Sahihi: A. Rwamba

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Kaimenyi, kwa lugha ya Kiswahili na kusomewa shahidi. Vielelezo vilivyopokelewa: kipande kimoja cha kola nyeupe chenye kifungo cha kahawia. Shahidi alileta pia mwiko mmoja wa mti. Nilimweleza kwamba mwiko hauhitajiki kama kielelezo na anaweza kurudi nao. Alikataa kuuchukua, akauacha juu ya meza akaenda.