Kihisi cha Saba

Idara ya Maji,
S.L.P. 318.
12 Aprili

Mpendwa Binamu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na kazi za ugenini hazijakulemea. Sisi tunapumua. Mama bado miguu inamsumbua, na waliokuja kutufariji wameshatawanyika.

Uliponiuliza kwenye simu baba yako alifuata nini mtoni siku ile, nilijifanya mtandao unakatika. Haukukatika. Nilishindwa kusema.

Kazi yangu unaijua: nakaa mbele ya kompyuta nikisoma vihisi saba vilivyofungwa kando ya mto. Kila kimoja kina betri na antena yake, kinapima kina cha maji na kunitumia habari bila waya. Maji yakipanda, tunawaonya watu wa bondeni wahame. Fundi wa kuvitunza alikuwa Mjomba, baba yako. Ofisini tulimwita Daktari, maana kihisi kikinyamaza alisema, "Ngoja nikamwone mgonjwa."

Jumanne ile, saa saba mchana, mvua ikipiga milimani, cha saba kilinyamaza. Ndicho kilicho juu kabisa. Kikizimika, sisi ni vipofu. Nikampigia.

"Hata chai isinishuke, mwanangu?" akacheka, akaenda.

Mimi ndiye niliyemtuma, Binamu. Hakuna mwingine.

Saa nane na robo kikaanza kusoma. Akapiga: "Betri ililowa. Unaona sasa?"

Niliona. Maji yalikuwa yanapanda kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Nikamwambia atoke, atoke upesi.

"Nimekusikia. Waonye watu kwanza," akasema. Halafu simu ikawa kimya.

Niliwaonya. Nyumba zaidi ya mia zilihama, hakufa mtu bondeni. Yeye tulimpata Alhamisi.

Wakubwa wangu wananisifu, na kila sifa inanichoma. Sikuombi unisamehe leo. Nimeona heri uyasikie kwangu kuliko kwa watu.

Mama yako nilimwambia juzi. Alinisikiliza akiutazama ukuta. Kisha akainuka, akanipakulia chakula, akaketi kando yangu mpaka nikamaliza.

Yeye anakusalimu sana, pia mama na mdogo wetu wa mwisho. Mungu akushike mkono huko uliko, usilie peke yako.

Nakupenda, hata usiponijibu.

Ni mimi,
Dada yako, mtoto wa shangazi