Swali la Tata Kabeya

Mpendwa tata, baba yangu,

Jumapili tunakuombea misa, na wadogo zako wamenichagua mimi, mwalimu kama wewe, nisimame kueleza maisha yako. Wanataka niseme ulikuwa rafiki wa Wakasai. Nimejaribu kuandika, haya imenishika.

Unakumbuka barazani, wewe na Tata Kabeya mkitunga maswali ya fasihi? Mlifundisha shule moja, yeye Mkasai, mwenye asili ya mkoa mwingine, sisi watu wa hapa, nami nilimwita tata mudogo. Mliyajaribu maswali kwangu kabla ya kuyapeleka darasani. Je, mama wa hadithi ni mchoyo? Nikajibu haraka kwamba ndiyo, alimnyima jirani chumvi, akamnyima mgeni kiti. Ukaniuliza, "Na ule yatima alimupa chakula, unamuweka wapi?" Nikasema yatima hahesabiki. Mlicheka mpaka mama akatoka jikoni. Ndipo ukanieleza polepole: tunaanza na mifano, tunapanda hadi kanuni, na mfano mmoja ukikataa, kanuni imevunjika. Niliona hakuna anayekushinda akili.

Kisha mji wetu wa Kolwezi ukaharibika. Kazi za mgodi zilikufa, wanasiasa wakasema Wakasai ndio wametula, vijana wakapita nyumba kwa nyumba kuwatoa. Tata Kabeya na familia yake wakalala stesheni wakingoja treni. Tuliwapelekea bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi. Nilijivuna kutembea nawe, maana wengi waliogopa kwenda.

Ukamwambia, kwa upendo kabisa, "Weye Kabeya hauko sawa bale bengine. Bote bangekuwa sawa weye, hakuna mutu angebafukuza."

"Na bibi yangu?" Akamwonyesha mke wake.

"Ye pia, hapana."

"Na bale?" Akaonyesha majirani walioketi juu ya mizigo. Uliwajua wote, mmoja alikushonea suti ya harusi.

"Bale pia, hapana."

"Sasa bale bengine ni banani, mwalimu?"

Ulitazama reli. Akasema chakula kinapoa, akawagawia watoto. Njiani kurudi ukaniambia hana shukrani.

Tata, ungekuwa mjinga ningekusamehe siku ileile. Lakini kosa lile la kusema "hahesabiki" ulilijua vizuri, ulinisahihisha mimi mtoto mdogo, halafu ukalifanya mbele ya rafiki yako aliyefukuzwa. Nikilifundisha somo hilo leo nainamisha kichwa, wanafunzi wanadhani natafuta chaki.

Mama anasema, "Acha, mwana. Mufu hawezi kujibu." Lakini ni yeye aliyemwalika binti wa Tata Kabeya, ambaye amerudi kuishi hapa. Atakaa nasi benchi la mbele. Alikuwepo stesheni, ameshika mkono wa baba yake, alisikia kila neno. Nikikusifu bure, atanipongeza kwa adabu, kisha nitamtazama vipi?

Nimekata shauri. Nitaeleza habari ya stesheni yote, nikimtazama yeye. Naogopa, tata, wadogo zako watanikasirikia. Halafu nitalia, na kanisa zima litadhani ni uchungu wa msiba tu.

Lala salama.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda bado