Dirisha la Ukuta wa Nne

Minneapolis,
17 Januari 2016

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua sasa mvua zimekatika. Mimi mwili hauna neno. Baridi ya huku ndiyo korofi: leo nimeondoa theluji kwa koleo saa mbili nzima, na njia ikafunikwa tena kabla sijanywa chai. Ungeniona ungecheka, maana nyumbani koleo nilikuwa nalikimbia.

Dada Haika ameniandikia kwenye simu kuwa kuta tatu zimepita madirisha na kufika kwenye linta, na kwamba unawaambia watu wa kanisani unajenga pale chini ya kihamba, shamba letu la migomba, nyumba ileile anayokaa mwanao Marekani, futi kwa futi. Anasema ukuta wa nne, ule unaotazama nyumba yako, umeuacha usawa wa dirisha mpaka nikujibu. Unauliza kama nilisahau kuchora dirisha lake kwenye ramani niliyokutumia.

Kwanza nikueleze nyumba yenyewe, maana najua habari za mawe huwa hazikuchoshi. Ina zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Mawe yake yana rangi ya asali, yamechongwa kwa mkono, na paa limeinuka sana ili theluji iteleze yenyewe. Mbao za ukingo wa paa zimekatwa nakshi kama vile vitambaa vya kochi vya marehemu mama. Dirisha la mbele limechomoza nje, lina vioo pande tatu. Ukikaa kitini unaiona barabara yote, kushoto na kulia. Lakini urembo wote uko upande huo wa barabara. Nyuma ni tofali tupu.

Nyumba ni nzuri, Baba, ila hakuna anayepiga hodi. Jioni nzima nasikia jokofu tu. Mwaka jana nilipata mgeni mmoja, Callixte, Mkongomani ninayesali naye, anakaa Columbia Heights. Nilimpikia ndizi. Aliizunguka nyumba mara moja, akacheka, akasema kwao Uvira nyumba ya namna hii ni ya sentineli, yaani mlinzi wa geti. Nilikasirika hata chai sikummiminia, na tangu siku hiyo sijamwita tena. Ninamkumbuka sana. Kosa lake lilikuwa kusema kweli.

Sikusahau dirisha, Baba. Halipo. Hii ni nyumba ya bawabu. Nyuma yake, mwisho wa njia ya miti, kuna jumba la wenyewe, ambao huja majira ya joto tu. Aliyejenga hakutaka bawabu awachungulie mabwana, wala mabwana waone nguo za bawabu zimeanikwa, kwa hiyo ukuta wa upande huo akauziba wote. Na bawabu ni mimi. Geti lenyewe siku hizi linafunguka kwa rimoti. Mimi nabaki na theluji na majani. Chuo niliacha mwaka wa pili, niliposhindwa mitihani, na usanifu niliokuja kusomea nimeutumia mara moja tu, kukuchorea ramani hiyo. Niliposema nimepata nyumba sikusema ni yangu, lakini niliwaacha mwamini hivyo miaka mitatu. Naona aibu, Baba. Naomba unisamehe.

Nakusihi usibomoe. Ukuta huo wa nne utie dirisha, litazame mlango wako. Nataka kurudi kabla ya Krismasi, kama utanipokea, nikae humo. Nikiamka asubuhi nikuone ukitoka na kikombe chako, nawe unione. Huku sionwi na mtu.

Nisalimie Haika, na shangazi Imaculata. Watu wa kanisani usiwaambie kitu. Nitawaambia mwenyewe nikija.

Ni mimi mwanao,
Mark

Nimesahau vipimo. Upana wa futi sita unatosha. Ukiweza nane, weka nane.