Nyuzi Arobaini Chini ya Sifuri, Hapa Magomeni

Magomeni, Mtwara, 12 Desemba 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia tairi lako kuukuu, na nimejiapiza kukueleza yote bila kuficha, hata pale nilipolia.

Tangu ututoke, miezi saba sasa, gereji ilikuwa imepoa. Wateja walikuja kutoa pole, halafu wakapeleka magari kwingine. Kaka Selemani, uliyemfundisha kazi, alibaki kufagia mahali alipokwisha kufagia. Ndipo wiki iliyopita Mzee Lyimo, mtafiti wa korosho kule Naliendele, akaleta gari lake la haibridi, linalokwenda kwa petroli na umeme. Taa ya onyo inawaka, na betri kubwa ya nyuma haifanyi kazi. Mama akasema wazi: "Hili likitushinda likapelekwa Dar, Jumatatu nafunga gereji. Siwezi kulinda banda tupu."

Selemani aliazima mashine ya kusomea hitilafu. Ikaonyesha kwamba betri iko nyuzi arobaini chini ya sifuri. Baba, Desemba! Jasho lilikuwa linamdondoka Selemani mpaka juu ya mashine yenyewe. "Betri imekwenda Ulaya hii," akasema, "imetuachia gari." Tulicheka sana. Lakini kicheko kilipokwisha, akasema kwa sauti ya chini kwamba betri nzima imekufa. Hapo ndipo nilipolia, nyuma ya pipa la oili chafu.

Nikiwa pale nikakumbuka swali lako. Kila gari lilipoingia, kabla hujafungua boneti, ulimuuliza mwenye gari: "Mara ya mwisho lilibeba nini?" Nilipokuwa mdogo nilidhani unaomba zawadi. Nikajifuta uso, nikaenda kwa Mzee Lyimo, nikamwamkia na kumuuliza vilevile. Akacheka. "Kweli wewe mtoto wa fundi! Lilibeba korosho, gunia zima. Zilikaa humo wiki mbili."

Korosho, wiki mbili, Baba. Panya gani angelala?

Nikamweleza Selemani jambo alilotufundisha mwalimu wa fizikia: kipima joto kama cha betri hii, baridi ikizidi, ukinzani wake wa umeme unapanda. Waya ukikatika, ukinzani unapita kiasi, na gari linadhani betri imeganda. "Betri haijafa," nikasema. "Ni waya umekatwa."

Akanitazama. "We Zuhura, hayo yote unayajua, halafu nikikutuma spana namba kumi unaniletea kumi na mbili?"

Alichomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, akasubiri dakika zote ulizomzoesha, mkono mmoja mfukoni ili umeme usije ukampita kifuani. Alipofungua kava, nyaya nyembamba za vipima joto zilikuwa zimetafunwa zote, na kando yake kuna maganda ya korosho yamewekwa pamoja, kama ya mgeni mwenye adabu. Akaziunga, akazilehemu, tukawasha. Nyuzi thelathini na tatu! Taa ikazimika. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta: "Nani kaposwa?"

"Gari!" Mama akajibu.

Jumatatu imekuja na imepita. Mama ndiye aliyefungua geti, kabla hata Selemani hajafika. Jana yamekuja magari mawili kutoka Naliendele, na nimewauliza wenyewe yalibeba nini. Mmoja alibeba mbuzi. Nitakueleza siku nyingine, maana bado tunanusa.

Pumzika salama, Baba. Nakuahidi nitamaliza kidato cha nne na fizikia yangu, na hakuna gari litakalofunguliwa hapa kabla mwenyewe hajajibu swali lako.

Lakini na mimi nina swali. Selemani na Mama wanataka jina langu liandikwe kwenye kibao cha gereji. Lako halitaguswa. Nafasi ziko mbili, na rangi imeshakorogwa, kwa hiyo nijibu upesi, hata kwa ndoto: niandikwe chini ya jina lako, au pembeni yake?