Saa Ndani ya Debe

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima; sisi tunapumua. Nakuandikia kwa ajili ya kazi. Darasa langu linajifunza jinsi vitu vinavyopunguza kelele na kulinda masikio. Wewe umegonga mabati miaka thelathini. Tufunike saa ya kengele kwa kitu gani?

Binti yako, Mwalimu

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwili unajikokota. Hii ni barua yako ya kwanza huku ugenini tangu ile ya msiba wa mama yako, nimeisoma nimesimama.

Tieni saa inayolia ndani ya debe tupu: kelele itazidi. Kisha jazeni maranda ya seremala, au izungushieni blanketi lililokunjwa mara nne. Kitu kigumu huirudisha sauti. Kitu laini chenye vitundu huimeza. Nimejaribu mwenyewe. Blanketi likainyamazisha saa kabisa. Nikalitoa, saa bado kimya. Nikadhani imeharibika, mpaka jirani alipoingia kaziba masikio, akainyooshea kidole. Ilikuwa inalia.

Waambie watoto kwamba karakana ilitugawia vizibo vya masikio. Aliyevivaa tulimtania: "Katia pamba masikioni huyu! Nani kamgombeza nyumbani?" Mimi nilicheka kuliko wote. Sikio la kufa halisikii dawa. Siku hizi kwenye simu najibu "vizuri" kwa kila neno, nisijulikane.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya yako je? Blanketi limeshinda maranda. Mtoto mmoja akauliza, "Fundi mwenyewe alivaa?" Nikageukia ubao.

Miaka mitatu iliyopita nilikupigia simu. Ulijibu, "Vizuri, mwanangu, vizuri." Tangu siku ile sijakutaja mbele ya mtu. Ulisikia nini?

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya usiniulize leo.

Nilisikia sauti yako, maneno sikuyapata. Ulisema haraka haraka, nikadhani umepata kazi ya ualimu. Nilifurahi siku nzima. Niandikie ulichosema, kwa herufi kubwa. Macho nayo yanayafuata masikio.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nilisema:

MAMA ANAKATA ROHO. ANAKUULIZA WEWE. NAMWEKEA SIMU SIKIONI, MUAGE.

Yeye alikusikia, Baba: "Vizuri, vizuri."

Mwanao