Mchele wa Arusi, Mchele wa Matanga

Jumatatu, 4 Julai 1977

Magunia tena. Lori la mchele limeingia alfajiri na mpaka adhuhuri tulikuwa hatujalimaliza. Shingo inauma upande wa kushoto. Nimeikunja upya ngata ya kichwani, sasa inauma upande wa kulia.

Leo Mama Zuhura ametutukana mbele ya watu. Huyu ni mama lishe, anawapikia mafundi wa gereji mtaa wa Gerezani. Alinunua mchele, nazi, ndizi na mkaa. Mchele tukaubeba sisi, kikosi cha nafaka. Nazi zina kikosi chake. Ndizi zina watu wao na mkaa una watu wao. Ndivyo ushirika wetu wa wachukuzi ulivyo hapa Kariakoo, kila kikosi na mzigo wake, na ole wako uguse wa mwenzio. Sisi tulifika mapema. Nazi zilipofika, mafundi walikuwa wameshakwenda kula mihogo kwingine.

"Nyie makuli mnadhani mimi nanunua magunia?" alisema. "Nanunua wali! Wali wa saa sita! Mmeniletea mchele mkavu, niutafune?"

Tulicheka. Si vizuri, lakini tulicheka.

Jioni hatukucheka. Meneja wa soko alituita wote shimoni, kule chini yanakoshushwa magunia. Malalamiko yamezidi. Wateja wanahamia Ilala. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Hali ikiwa hii hii, anauvunja ushirika, analeta watu wa mikokoteni kutoka nje, na sisi tunarudisha beji.

Bila beji, mjini hapa wewe ni mzururaji tu. Wanakukamata, wanakupandisha treni, rudi kijijini ukalime. Na mimi nimeshamwambia mke wangu Kabula aje baada ya mavuno. Yeye atakuwa anashuka stesheni na mimi napanda.

Jumatano, 6 Julai

Soko limeletewa afisa mpya, msichana, anaitwa Dada Rehema. Ameshinda mlangoni akiwauliza wateja maswali. Hawaulizi wamenunua nini. Anawauliza wamekuja kufanya nini. Wenzangu wanasema ni mambo ya kodi. Nami nasema ni kodi. Mzee mmoja alimjibu amekuja kupunga upepo. Alikuwa na tenga la kuku kichwani.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna kazi. Nimefua. Nimelala. Jirani ameniletea pilau. Siku kama hizi ziwe nyingi.

Jumatatu, 11 Julai

Vikosi vimevunjwa. Nina hasira.

Dada Rehema amesema katika watu wote aliowauliza, hakuna hata mmoja aliyekuja sokoni kwa ajili ya gunia. Mmoja anapikia watu. Mwingine anajaza duka lake la mtaani. Mwingine anasafiri na basi litamwacha. Mwingine ana shughuli nyumbani, arusi au msiba, na wageni wako njiani. Kwa hiyo tusigawane kwa mizigo, tugawane kwa haja za watu. Vikosi ni vinne: Mama Lishe, Duka, Safari na Shughuli. Kila kikosi kinabeba kila kitu cha mteja wake, kwa pamoja, mpaka mlangoni kwake.

Nilisimama kupinga. Nilisema mimi ni mtu wa gunia. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, leo mimi nibebe vitunguu? Watu walinipigia makofi.

Mnyapara wetu Sefu akanitazama. "Babu yako hakuuliza pembe zile ni za nini, wala zinakwenda kwa nani," akasema. "Ndiyo maana hakurudi na hata moja."

Yeye walimpigia makofi zaidi.

Wanyamwezi wote tulikuwa nafaka, tukila pamoja na kuimba pamoja. Sasa tumetawanywa. Mimi nimetupwa Shughuli na wenzangu watatu wa nyumbani. Heri hao watatu. Lakini vitunguu!

Jumamosi, 16 Julai

Naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu. Kikosi cha Shughuli ni kitamu.

Tunabeba mchele, nazi, vitunguu, samli, kila kitu mara moja. Tumeanzisha mtindo wetu: tukikaribia nyumba ya arusi tunaingia na wimbo, mzigo kichwani, tunacheza. Akina mama wanapiga vigelegele. Sahani ya pilau haikosekani. Leo shangazi wa bwana arusi amenifunga kanga kiunoni na kunisukuma katikati. Nimecheza na gunia kichwani. Babu angeniona.

Mama Zuhura naye anapata vitu vyake vyote kwa pamoja. Wali wake unaiva kwa wakati. Kikosi chake anakilisha ukoko, wanatamba sokoni kama wamepewa ng'ombe.

Sitamwambia Dada Rehema kwamba nilikosea. Anaona mwenyewe.

Ijumaa, 22 Julai

Mwezi wa Shaabani umeingia. Kila mtu anataka kuozesha kabla ya mfungo. Tunakwenda mbio kutwa. Malalamiko yamepungua, hata Sefu anapiga mluzi.

Meneja amepita shimoni. Amesimama mbele yangu, akanitazama, akaondoka. Sikulipenda jicho lake. Nimemtumia Kabula ujumbe kwa mtu wa nyumbani anayerudi: asubiri kidogo. Sikumwambia kwa nini.

Jumamosi, 23 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi shughuli zilikuwa mbili. Arusi ya binti wa Bi Tatu, Ilala. Msiba wa mama yake Mzee Pazi, Magomeni. Mizigo ya shughuli zote mbili iliwekwa shimoni ubavu kwa ubavu. Mchele na mchele, nazi na nazi, samli na samli. Mapacha. Sefu alikuwa anagombana na dereva wa lori. Alitupigia kelele tu, nyie Magomeni, nyie wengine Ilala. Ipi arusi na upi msiba, hatukuuliza. Jumamosi ya Shaabani, nani anafikiria kifo? Sisi wanne wa nyumbani, tuliopewa Magomeni, tulijihesabia arusi. Tukawaambia wenzetu, basi msiba ni wenu, poleni.

Bonde la Jangwani tumelivuka tunaimba. Nyumba tuliiona kwa mbali, turubai limefungwa, watu wamejaa. Wimbo ukapanda. Tuliingia uani tunacheza, mwenzangu mmoja anazunguka na pakacha la nazi kichwani.

Hakuna kigelegele.

Wanaume wameketi kwenye mikeka na misahafu mikononi. Wote wanatutazama. Wimbo uliniganda mdomoni.

Mama mmoja akainuka. "Nyie wehu! Mnamwimbia nani?"

Mzee Pazi alisimama. Mrefu, kanzu nyeupe, macho mekundu. Aliuliza polepole sisi ni watu wa wapi. Nikasema Tabora. Niliona beji inaondoka. Nilimwona Kabula stesheni.

Ndipo mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Wanyamwezi! Jamani, watani wamefika!"

Hawa ni Wazaramo. Utani wetu na wao ni wa tangu mababu. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anakejeli, anadai, anazuia shughuli mpaka apewe chake, na hakuna wa kumkasirikia. Walidhani tumekuja hivyo kwa makusudi.

Sikuwasahihisha. Nilitua gunia katikati ya ua nikalikalia. Nikasema haliondoki hapa mpaka nilishwe. Nikauliza bibi huyu ametufanyia nini, aliniahidi tutacheza wote arusi za Shaabani, leo kanikimbia, nicheze na nani?

"Cheza na Pazi!" akasema yule mama aliyetuita wehu. "Miguu yake ndiyo ile ile ya mama yake, kama mwiko!"

Ua mzima ukacheka. Mzee Pazi alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akajifunika uso kwa mkono wa kanzu, akalia. Dada yake, ambaye walisema hajatia kitu mdomoni tangu jana, akaomba chai.

Sijapata kuogopa vile. Wala kufurahi vile.

Jumapili, 24 Julai

Furaha imekwisha. Nimekutana na wale wa Ilala.

Wao waliingia kwenye nyumba ya arusi kimya, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa chini. Walivua kofia. Kiongozi wao akamshika Bi Tatu mikono miwili. "Pole sana, mama," akamwambia. "Marehemu alikuwa anaumwa nini?"

Bi arusi aliyasikia akiwa ndani anapakwa hina. Akapiga yowe. Wanaume wakatoka mbio na chakula kwenye vidole.

Ilala hatukuwa na utani wa kutukinga. Bi Tatu amesema hilo ni neno la mkosi na Jumamosi atakuja kwa Meneja. Jumamosi ndiyo mwisho tuliopewa.

Jumatatu, 25 Julai

Dada Rehema ametukalisha shimoni. Nilitegemea atafoka. Amesema kosa la kwanza ni lake. Alitazama vikapu, akaona arusi na msiba wananunua vitu vile vile, akaviweka kwenye kikosi kimoja. Kumbe amerudia kosa letu la zamani, kuhesabu mzigo badala ya mtu. Mchele ni ule ule lakini wanaoungoja si wale wale.

Nilimpenda kwa maneno yale. Nikamwambia na sisi tulikuwa na midomo, tungeweza kuuliza.

Sefu akatoa wazo lake: msiba wa Wazaramo wabebe Wanyamwezi, na misiba mingine watafutwe watani wa wafiwa. Dada Rehema akashika kichwa. "Ndugu Sefu, hatuwezi kugawa kazi kwa makabila! Chama kitasemaje?"

"Si makabila, dada. Ni utani."

Amekataa. Tumekubaliana hivi. Shughuli ni vikosi viwili sasa, cha heri na cha msiba. Na hakuna anayeinua mzigo kabla hajamuuliza mwenyewe, kwa kinywa chake, ni la heri au la msiba.

Ni vizuri. Lakini huenda tumechelewa.

Jumatano, 27 Julai

Kazi nzuri leo, moyo mbaya. Nimeuliza kila mteja. Kijana mmoja nimemuuliza, "La heri au la msiba?" Akafikiri. "Naoa Jumapili," akasema, "niulize tena baada ya mwaka." Nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Kisha nikakumbuka Jumamosi.

Jumamosi, 30 Julai

Bi Tatu amekuja. Kanga mpya, sauti ya adhana. Alimsomea Meneja yote mbele yetu. "Kuli wako ameniulizia ugonjwa uliomuua mwanangu, siku ya kuolewa!" Meneja aliinamisha uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika lakini hakucheka. Akainua kichwa akasema basi, imetosha. Akanyoosha mkono kwa beji.

Sefu alishaanza kuivua yake. Wakati huo huo akaingia Mzee Pazi.

Nikasema sasa tumezikwa kabisa.

Mzee Pazi alisalimia, akaketi. Alisema arobaini ya mama yake itaangukia mfungoni. Atafuturisha watu. Anataka viazi, magimbi, mihogo na nazi vifike pamoja kabla ya alasiri, wapishi wapate muda, siyo mihogo leo na nazi kesho kama zamani. Na anawataka watu wale wale wanne. Bila wao hafuturishi.

Bi Tatu alimgeukia. "Hawa ndio walioimba kwako?"

"Waliimba, wakacheza, mmoja akamkalia mama yangu kooni."

"Basi wimbo ule ulikuwa wangu!"

"Njoo Magomeni uudai, mama."

Bi Tatu alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka kanga ya kichwani ikaanguka. Tukacheka wote, Meneja zaidi kuliko wote, alikuwa amekibana kicheko cha Ilala tangu Bi Tatu alipoanza kusema.

Bi Tatu hakusamehe bure. Kesho twende kwake tukaimbe wimbo wake wote, na yule aliyeuliza ugonjwa aimbe mbele. Meneja amerudisha mkono mfukoni. Beji zinabaki. Vikosi vinabaki.

Nimemtumia Kabula ujumbe. Njoo.

Jumapili, 31 Julai

Tumeimba Ilala mpaka sauti zimekauka. Bi arusi alichungulia dirishani, akacheka, akafunga dirisha.

Jumapili, 14 Agosti

Treni ilichelewa. Ilipoingia nilimwona kabla yeye hajaniona. Amekonda kidogo. Alikuwa na mfuko wa karanga, kuku mmoja, na sanduku langu la zamani limefungwa kamba.

Tulisalimiana. Mimi nilishakunja ngata. Sanduku nikalitupia kichwani, mfuko begani, kuku mkononi, nikaanza mwendo wa sokoni. Nilifika mlangoni ndipo nikaona niko peke yangu.

Nikarudi. Alikuwa amesimama pale pale.

Nikamuuliza anataka nini kwanza.

Akasema anataka kukaa. Tangu Tabora amesimama zaidi ya kukaa, na hapo alipokaa palikuwa panatikisika.

Nikatua sanduku. Tumekaa juu yake wote wawili, ukutani, kivulini. Amenimenyea karanga. Watu wakapita na mizigo yao mpaka stesheni ikabaki tupu, na sisi bado tumekaa.