Kitasa cha Pijo ya Idodi

Neema mjukuu wangu,

Kamwene. Huku Mafinga tuko wazima, ila baridi imetuhamishia jikoni. Mama yako anavuna viazi. Goti langu linanitii asubuhi, jioni linagoma.

Baba yako mdogo amenionyesha kwenye simu picha uliyopiga Idodi kabla ya kurudi chuoni Mbeya, ile Pijo ya mwalimu mkuu iliyofunikwa na majani ya maboga. Unauliza kama ukirudi uyafyeke ili gari lionekane.

Gari hilohilo nililipiga picha likiwa jipya, nilipokuwa mpiga picha wa kijiji huko Idodi. Jumapili vijana walikuja kuliegemea kana kwamba ni lao, nami nikirudi nyuma mpaka taa na magurudumu yote yaingie. Nyuso zilitoka ndogo kama maharage.

Siku moja bibi yako akaja, akashika kitasa cha mlango, akaniambia, "Mimi siuzi magari. Sogea, mama yangu anataka kuona uso wangu."

Nikasogea. Gari lote likabaki nje ya picha, isipokuwa kile kitasa na mkono wake.

Zile picha nyingine leo siwezi kukuambia yupi ni nani. Hiyo ya bibi yako inanitazama hapa ninapoandika.

Usifyeke, mama. Gari lilishapigwa picha za kutosha, sasa ni zamu ya maboga. Ila sogea kwenye mlango wa kushoto, inua jani moja tu. Kitasa kitakuwepo. Kishike kidogo kwa niaba yangu.

Babu yako